Uzi Mwekundu kwenye Miwani ya Kijani

Ukinunua kufuli pale Kasulu miaka ile, hukuuliza limetoka kiwanda gani. Uliangalia kama lina uzi. Uzi mwekundu, umefungwa kwa mafundo mawili, umekatwa karibu na fundo. Ukiuona ulijua Mwalimu amelishika kufuli hilo, amelifunga na kulifungua mpaka mkono umechoka, amelilaza kwenye ndoo ya maji, kisha amelipiga nyundo. Kama halina uzi, basi wewe na bahati yako.

Uzi wenyewe ulikuwa wangu. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko upande wa juu wa soko, na Mwalimu alikuja kila asubuhi kuokota vipande vilivyodondoka chini ya cherehani. Nyekundu tu. Nyeusi hakuigusa, nyeupe alisema inachafuka. Nikimwambia, "Mwalimu, si uombe kwanza?" ananijibu, "Fundi, kilichoanguka ni cha mwenye mgongo wa kuinama." Na mgongo wenyewe ulikuwa mbovu! Aliinama akiguna, akainuka akilaumu serikali.

Jina lake silitaji, na hapa sokoni hakuna aliyelitumia. Walimu tunao wengi, wa sekondari, wa msingi, wa dini, lakini ukisema Mwalimu bila kuongeza neno, kila mtu alijua ni yule mzee mrefu mwenye shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo hadi shingoni. Aliletwa na serikali kufundisha fizikia, akastaafu, wenzake wakarudi makwao, yeye akabaki. Kwao wapi sijui vizuri. Alisema tu kuwa kule kuna joto na watu wanaongea sana.

Kujaribu vitu haikuwa kazi yake, hakuna aliyemtuma. Ilikuwa ni ugonjwa. Betri aliijaribu kwa ulimi. Kiberiti alikilaza nje usiku kucha kwenye ukungu wetu, asubuhi anakuja kukiwasha mbele ya mwenye duka. Siku moja muuza miavuli alijisifu kwamba mzigo wake mpya hauvuji. Mvua ilipoanza, Mwalimu alivua shati, akasimama katikati ya soko na mwavuli mmoja, kifua wazi, katika baridi ile ya kwetu ya mwezi wa tatu, ili asikie tone la kwanza litamwangukia wapi.

"Mwalimu, utakufa kwa nimonia!" muuza miavuli akapiga kelele.

"Nikifa, mwavuli wako umefeli," akajibu, meno yanagongana.

Haukufeli. Ulipata uzi, na wote tulicheka mpaka tukashika mbavu. Hayo ndiyo maisha tuliyokuwa nayo naye, na nikiyakumbuka sasa natamani ningeishia hapo.

Alikuwa na maneno yake. "Tujaribu kwanza, tusifu baadaye," hilo alilisema hata mtoto mchanga akionyeshwa kwake. "Rangi haina ushahidi," alisema kwa wanaonunua kitu kwa sababu kinang'aa. Na sisi wenye asili ya Burundi alitutania kwa sababu ya Kiswahili chetu. Wazazi wangu walivuka mpaka, sisi tumezaliwa huku na uraia tunao, lakini ndani ya nyumba ulimi unarudi kulekule. Nikimjibu "ego" badala ya ndiyo, au "oya" badala ya hapana, ananikaripia, "Fundi, ego siyo Kiswahili!" Basi ukitaka kumjua Mwalimu, msubiri afurahi. Akifurahi kwelikweli alisahau fizikia na Kiswahili chake cha nahau, akapiga paja akisema, "Ego! Ego!" kuliko hata marehemu baba.

Mtu huyuhuyu aliyelaza kiberiti kwenye ukungu aliendesha baiskeli isiyo na breki. Mteremko wa kwenda mtoni aliushuka akikanyaga tairi kwa kandambili. Alikuwa Mwislamu, lakini hakukosa msiba wa kanisani hata mmoja. Alikaa nje karibu na spika, akikagua nyaya. Na siku presha ilipompanda, mama mmoja alimpa vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi ya daftari, havina boksi wala jina, akavimeza palepale kwa maji yangu. Nikamuuliza, "Hivi mbona hujavijaribu?" Akaniambia mtu hawezi kujijaribu mwenyewe, anakosa pa kusimama. Nikacheka. Sikuona la ajabu.

Mdogo wangu Jeniva alikuwa mwanafunzi wake. Nasema mdogo wangu, lakini nilimlea mimi, mama alipoondoka Jeniva alikuwa bado anabebwa. Alipofika sekondari, Mwalimu alikuwa na kile kitochi kidogo cha leza, cha nukta nyekundu, ambacho vijana wanachezea paka. Alikipitisha kwenye glasi ya maji yaliyotiwa tone la maziwa. Jeniva akarudi nyumbani anakimbia, hajala, akachukua glasi yangu na tochi ya simu. "Dada, mwanga unapinda! Njoo uone!" Mimi niliona maji machafu. Yeye aliona kitu kingine, na tangu siku hiyo neno la Mwalimu kwake lilikuwa amina.

Alimaliza kidato cha nne, chuo hakikupatikana, akabaki nami. Macho yangu yalianza kuchoka, kwa hiyo ndiye aliyenitungia uzi kwenye sindano. Jumapili alisoma Neno kanisani, na alisoma vizuri, wazee walifumba macho wakimsikiliza. Alikuwa na macho makubwa, ya kumtazama mtu hadi mtu ajisikie ameulizwa swali.

Sasa nieleze habari ya masufuria, maana asiye wa huku hataelewa. Kwetu sufuria haikai kwa mwenyewe. Kukiwa na msiba au harusi, masufuria yanatembea nyumba kwa nyumba, na kurudi ni majaliwa. Zamani tulitoboa alama kwa msumari, au tukapaka rangi, lakini mtu akisugua kwa mchanga rangi inakwisha, na sufuria inapata mama mpya. Nimeona wanawake wawili wa kwaya moja wakivutana kwa mfuniko, wakati maiti bado haijashuka kaburini!

Ndipo mfanyabiashara mmoja akaleta mashine ya leza, ya kuandika kwenye chuma. Aliiagiza kwa simu, ikaja kwenye boksi na miwani miwili ya kijani, miepesi mno, plastiki tupu. Akakodi chumba jirani nami, akamweka Jeniva, kwa sababu alijua kompyuta. Mashine inafanya hivi: kwanza inatoa nukta nyekundu, inakuonyesha maandishi yatakaa wapi. Ukiridhika unakanyaga pedeli, inalia kidogo, kamoshi kanapanda, na jina limeingia ndani ya chuma. Halisuguliki, ng'o! Watu walijaa. Kutoka Titye walikuja na masufuria kwenye baiskeli, makwaya yakaleta sahani, waume wakaleta majembe. Jeniva aliandika mali ya kila mtu.

Ile miwani hakuiamini. Aliniambia, "Dada, hii imetengenezwa kama ya watoto. Simvalii mtu kabla Mwalimu hajaiona."

Mwalimu akaja asubuhi, amenyoa, kama anayekwenda kusimamia mtihani. Mimi niliacha cherehani nikasimama mlangoni. Akaweka karatasi nyeupe mezani, Jeniva akawasha ile nukta nyekundu, ikatua kwenye karatasi. Mwalimu akashusha kioo cha kijani katikati. Nukta ikatoweka. Akainua, ikarudi. Akashusha, ikatoweka. Alirudia mpaka mimi nikachoka kutazama.

"Mwalimu," Jeniva akasema, "nikanyage pedeli, tuone na ile yenyewe?"

"Hapana! Ile inachoma, hatuchezi nayo. Mwanga ni huuhuu, mama, pedeli inauongezea nguvu tu. Na kioo kinachoumeza mpaka hivi kinatosha."

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa uzi wangu, akaufunga kwenye mkono wa miwani ya kwanza, akaufunga kwenye wa pili. Akapiga paja. "Ego!" akasema. "Ego! Vaa, Jeniva, na usivue."

Hakuvua. Hilo ndilo linaloniumiza hadi leo. Watu wengine hudharau, huvaa mbele ya tajiri na kuvua akiondoka. Jeniva alivaa asubuhi hadi jioni, pua ikafanya alama. Masufuria mapya yanang'aa, yanarudisha mwanga usoni, na yeye ameyainamia karibu, ana uhakika, uzi unaning'inia sikioni.

Alianza kwa kuniambia sindano yangu haina tundu. Nikamtania, "Uzee umeniruka mimi ukakushika wewe." Baada ya hapo, kanisani, aliruka maneno katikati ya mstari. Akarudi mwanzo, akaruka tena, watu wakageukiana. Nyumbani akanishika mkono akaniambia, "Dada, nikitazama neno, linaondoka. Yaliyo pembeni yanabaki." Hakuwa na maumivu hata kidogo. Jicho halikuwa jekundu. Ningejua nini mimi?

Tulisafiri hadi hospitali kubwa, mbali. Daktari wa macho alikuwa mtu mpole, na upole wake ulinitisha. Alimulika, akamulika tena. Akatuambia kwa ndani, nyuma kabisa ya jicho, pale pa kuonea kitu unachokitazama, pameungua. Jicho la kulia zaidi, la kushoto limefuata. Nikauliza dawa. Akasema hakuna. Nikauliza miwani. Akasema miwani haisaidii mahali palipokufa. Jeniva akamwambia neno moja tu: "Lakini nilivaa. Ilijaribiwa." Daktari akamtazama, hakuelewa anaambiwa nini.

Tuliporudi, Mwalimu alikuwa ameketi kwenye ngazi ya kibanda changu. Habari ilikwisha kumfikia. Hakusalimia. Alisema, "Nipe ufunguo wa chumba cha mashine." Nilitaka kumpiga, Mungu anisamehe, nilitaka kumtwanga na mkasi. Nikampa ufunguo.

Alitutoa wote nje na kutugeuza kuelekea ukutani, akafunga dirisha. Humo ndani aliweka karatasi nyeusi mezani, juu yake miwani, akaiwasha mashine kutoka nyuma ya mlango kwa fimbo juu ya pedeli, uso ameugeuza. Mashine ikalia kidogo, kama kawaida yake. Akaniita. Kioo cha kijani kilikuwa kizima, hakina hata mkwaruzo. Chini yake, kwenye karatasi nyeusi, kulikuwa kumeandikwa MALI YA KWAYA, herufi zimetoboka upande wa pili.

Kumbe ile nukta nyekundu ni ya kuonyesha njia tu. Mwale unaochoma ni mwingine kabisa, jicho halioni rangi yake, na kioo kile hakikuujua. Mwalimu alinieleza hayo polepole, akionyesha kwa kidole, kama niko darasani. Alitazama ule uzi kwenye mkono wa miwani kwa muda mrefu, akasema, "Nilijaribu mbwa aliyefungwa, fundi. Yule wa porini sikumfungulia." Nilikuwa nalia.

Kesho yake aliniomba mkasi. Nikadhani anataka kukata uzi mpya, aanze tena kujaribu vitu. Akaenda duka kwa duka, kibanda kwa kibanda, akikata nyuzi zake zote. Kwenye makufuli, kwenye tochi, kwenye miavuli. Wenye maduka walimfuata: "Mwalimu, kufuli hili ni zima! Mwalimu, mbona unatuharibia?" Hakusikia. Alikata hata kwenye ule mwavuli wa siku ya baridi, ambao mimi nauapia kuwa hauvuji. Akanirudishia mkasi, na nyuzi zote kwenye kiganja. Haikupita muda akahama. Walisema yuko upande wa Kibondo, Kumsenga, analima muhogo.

Na mashine? Tajiri aliiondoa kwa aibu, akaiuza. Siku hizi iko chumba kimoja karibu na stendi, na binti mwingine ameketi pale, na miwani mingine ya kijani. Nilikwenda. Nilimweleza yote, nikiwa nimesimama, jasho linanitoka. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akatabasamu. "Lakini mama, mbona haiumi?" Nimerudi tena na tena. Sasa wakiniona nakuja wanafunga mlango. Nimewaachia Mungu, na nasema hivyo nikijua kwamba hata Jeniva aliachiwa Mungu.

Jeniva amejifunza kuishi pembezoni. Akitaka kumwona mtu, anageuza uso upande, anamnasa kwa kona ya jicho. Sokoni wanasema siku hizi anaringa, anakuongelesha hakutazami. Nimegombana na watu kwa hilo mpaka nimechoka. Uzi natunga mwenyewe sasa, nalamba, nakosa, nalamba tena, na yeye amekaa karibu anasikia ninavyokosa.

Juzijuzi shangazi yetu alifariki huko Murungu, upande huohuo wa Kibondo. Tukaenda. Msiba mkubwa, wanawake wamejaa jikoni, masufuria yamekuja kutoka kila upande. Jeniva alikaa nayo, kwa sababu kukoroga anaweza na kuosha anaweza. Nikamwona amepitisha kidole kwenye ukingo wa mfuniko, taratibu, akirudi, akienda. "Dada," akaniita, "hii niliandika mimi." Ilikuwa imesafiri kutoka Kasulu mpaka pale, wala haikupotea. Alitabasamu, ndipo nikashindwa kubaki jikoni.

Nilipotoka nje nikakutana naye uso kwa uso. Mwalimu. Amebeba ndoo ya maji, shati lilelile la vifungo hadi shingoni, shingo yenyewe imepungua ndani ya kola. Msiba anaukosa wapi?

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, fundi." Akatua ndoo. "Yupo?"

Ningesema hayupo. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini Jeniva alikwisha kusikia sauti, akatoka jikoni anajifuta mikono kwenye kitenge, akasimama mbele yetu.

"Jeniva," Mwalimu akasema. "Jeniva, mama, nimekukosea. Nisamehe kama unaweza."

Jeniva akageuza uso wake, akaupeleka kabisa upande wa migomba.

Mwalimu akainamisha kichwa. "Ni haki yako," akasema. Akashika ndoo yake.

"Mwalimu, oya!" nilipayuka mbele ya waombolezaji. "Hajakukataa! Ndivyo anavyoona! Katikati pameungua, akitaka kumwona mtu ni mpaka ageuke!"

Ndoo ilimtoka mkononi, maji yakamwagikia miguuni mwetu. Kukataliwa alikuwa amejiandaa nako, nadhani alikuwa akikusubiri kila siku huko shambani. Hili hakulijua. Akamtazama Jeniva.

"Sasa nikisimama hapa," akauliza, "mbele yako sawasawa?"

Jeniva akaurudisha uso, akamwelekea. "Hupo, Mwalimu. Naona miti iliyo kando yako. Wewe hupo."

Akasogea kidogo kushoto. "Na hapa, ukitazama palepale?"

"Bega. Kama ukungu hivi."

"Hapa je?" Akasogea mbele, akachuchumaa. "Hapa?" Akarudi nyuma, akaenda kulia, akakanyaga tope aliloliloanisha mwenyewe, akateleza, akashikilia mgomba. Mzee mzima, machozi yanaingia kwenye kola. Watu wa msiba wote walikuwa wanamtazama akimzunguka binti, akitafuta mahali ambapo angeonwa na macho yale makubwa yakimtazama. "Na hapa, Jeniva? Geuka kidogo tu. Hapa?"

"Oya, Mwalimu."

"Hapa?"

"Oya. Mwalimu, simama," Jeniva akamwambia, kwa sauti ileile aliyosomea Neno. "Acha kujaribu. Simama tu."

Akasimama, mikono imeanguka. Jeniva akageuka, akatupa uso wake kule kwenye masufuria, mbali naye kabisa, na akamwona.